Mdogo wangu amepandikizwa ini: tufanye nini ili mwili wake usilikatae?

Binti wa Pangani ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu, na kwa wakubwa shikamooni. Ninaandika kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume, aliyepandikizwa ini nchini India baada ya ini lake la asili kusinyaa kwa sababu ya homa ya ini aina ya B, ugonjwa alioishi nao miaka mingi bila kujua. Kipande alichopewa kilitoka kwangu mimi, dada yake wa baba na mama mmoja. Upasuaji ulikwenda salama, sote wawili tulipona, na sasa tumerudi nyumbani Tanga. Kliniki anahudhuria Dar es Salaam, na majibu ya vipimo tunayatuma pia kwa timu iliyompasua.

Anameza dawa za kutuliza kinga ya mwili, yaani takrolimasi asubuhi na jioni, mikofenoleti, na prednisoloni (aina ya steroidi) inayopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na entekaviri kwa ajili ya kirusi. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba kiwango cha takrolimasi katika damu kimekuwa kikipanda na kushuka, na safari hii ALT na GGT, yaani vimeng'enya vya ini vinavyopimwa katika damu, zimepanda, ingawa yeye mwenyewe anakula, anatembea, na macho yake ni meupe kabisa. Daktari ametaka vipimo virudiwe upesi na amegusia kuchukua kinyama cha ini kwa sindano, jambo ambalo limemtisha mama kupita kiasi. Shemeji yetu naye ameleta unga wa mitishamba wa kusafisha ini. Mgonjwa mwenyewe mikono inamtetemeka hadi chai inamwagikia kwenye kisahani, na anauliza kama hawezi kujipunguzia hizo dawa angalau za jioni.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Je, undugu wetu haumkingi? Inawezekana mwili ukawa unalikataa ini na mtu asihisi chochote? Na sisi tulio nyumbani tuna la kufanya, au yote yako mikononi mwa madaktari? Ramadhani nayo inakaribia, na amekwisha sema kwamba atafunga.

Daktari wa Ini, Nairobi, amejibu:

Dada, pole kwa mashaka, na hongera kwa moyo ulioonyesha.

Nianze na undugu. Katika kupandikiza figo, kufanana kwa vinasaba vya kinga kati ya mtoaji na mpokeaji hupewa uzito mkubwa. Katika ini uzito huo ni mdogo, ndiyo maana timu za upasuaji hutazama zaidi kundi la damu, ukubwa wa ini na afya ya mtoaji. Ini huvumiliwa na kinga ya mwili kuliko viungo vingine vingi, lakini uvumilivu huo una mpaka. Isipokuwa kwa pacha wa kufanana, mwili wa mpokeaji bado utaliona ini la nduguye kuwa la mtu mwingine. Seli T, ambazo ni jamii ya chembe nyeupe za damu, huzitambua protini zilizo juu ya seli za ini hilo kuwa ngeni, huzaliana kwa wingi, kisha huvamia njia ndogo za nyongo na kuta za ndani za mishipa midogo ya damu. Huko ndiko kukataliwa kwa kiungo tunakokuzungumzia, na humpata takriban mpokeaji mmoja kati ya watano hata akiwa anatumia dawa, mara nyingi katika majuma na miezi ya mwanzo.

Kuhusu dalili, jibu ni ndiyo: inawezekana kabisa asihisi kitu. Homa, uchovu mzito, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo kuwa kama chai ya rangi na macho kuwa ya manjano huonekana kwa baadhi tu, na pengine kwa kuchelewa. Wengi hugunduliwa kwa karatasi ya maabara peke yake, kwa hiyo msijifariji kwa weupe wa macho yake.

Hata hivyo, vimeng'enya kupanda si ushahidi kwamba mwili unalikataa ini. Kwa mtu aliyepewa kipande cha ini na ndugu aliye hai, mahali njia ya nyongo ilipounganishwa panaweza kubana, na GGT ikapanda. Mshipa unaopeleka damu kwenye ini unaweza kuziba. Kirusi cha sitomegalo kinaweza kuamka kwa sababu kinga imeshushwa, na kirusi cha homa ya ini B kinaweza kurudi, hasa dozi za entekaviri zikirukwa. Ndiyo maana daktari wenu atataka picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha mwendo wa damu, vipimo vya virusi, na pengine hicho kinyama ambacho mama anakiogopa. Mwelezeni kwamba ni kijipande chembamba kama uzi, kinachochukuliwa kwa sindano baada ya ganzi, na mgonjwa hulazwa kwa saa kadhaa akiangaliwa asije akavuja damu. Hatari ipo, lakini ni ndogo kuliko hatari ya kutibu kwa kubahatisha, kwa sababu steroidi nyingi zinazotuliza kinga ndizo zitakazokipa nguvu kirusi iwapo tatizo ni kirusi.

Ikithibitika kwamba mwili unalikataa ini kwa kiasi kidogo tu, mara nyingine kuongeza takrolimasi kunatosha. Ikiwa hali ni ya wastani au kali, matibabu ya kawaida ni methiliprednisoloni, ambayo ni steroidi, kupitia mshipani, miligramu 500 hadi 1,000 kwa siku, kwa siku 3 hivi. Wengi huitikia vizuri, na tukio la mapema lililotibiwa ipasavyo kwa kawaida haliachi kovu la kudumu. Linalotuumiza kichwa sisi madaktari ni lile la kuchelewa, linalozuka baada ya miezi mingi au miaka, ambalo mara nyingi chanzo chake ni dozi zilizorukwa, na ambalo linaweza kuwa sugu mpaka njia ndogo za nyongo zikapotea moja baada ya nyingine bila kurudi.

Sasa nije kwenye lile ulilolitaja kwa kupita, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kiwango kinachopanda na kushuka. Daktari wa upasuaji Thomas Starzl alipojaribu kupandikiza ini la binadamu kwa mara ya kwanza huko Denver, Marekani, mwaka 1963, na hata alipopata mafanikio ya kwanza ya kudumu mwaka 1967, hakuwa na dawa za kutuliza kinga zaidi ya azathioprini, steroidi na seramu ya kupambana na chembe nyeupe, na kwa miaka mingi wagonjwa wengi hawakufikisha mwaka mmoja. Dawa mpya ya kutuliza kinga, siklosporini, ilibadili mambo kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha ikaja takrolimasi, iliyogunduliwa nchini Japani mwaka 1984 katika bakteria wa udongo wa Tsukuba na kuidhinishwa Marekani mwaka 1994. Ni dawa yenye nguvu, lakini nafasi kati ya kidogo mno na kingi mno ni finyu. Timu nyingi hulenga nanogramu 6 hadi 10 kwa mililita ya damu katika mwezi wa kwanza, kisha hushusha taratibu kadiri miezi inavyopita. Chini ya hapo seli T huamka. Juu ya hapo figo huumia, sukari na shinikizo la damu hupanda, na mikono hutetemeka. Imeonekana pia kwamba wagonjwa ambao kiwango chao huyumbayumba hupata matatizo zaidi kuliko wale ambao kiwango chao kimetulia.

Kwa hiyo kabla hamjamlaumu mgonjwa, chunguzeni jinsi damu inavyochukuliwa. Kipimo hiki ni cha kiwango cha chini kabisa, yaani damu hutolewa takriban saa 12 baada ya dozi iliyotangulia, kabla hajameza dozi nyingine. Siku ya kipimo afike maabara akiwa na vidonge vyake vya asubuhi mfukoni, atolewe damu, ndipo ameze. Akimeza nyumbani saa 1 asubuhi na kutolewa damu saa 3, majibu yatasoma juu, daktari atapunguza dozi, na baada ya wiki mbili mtashangaa ALT inapanda. Damu iwekwe katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kwa kuwa takrolimasi hukaa ndani ya chembe nyekundu na hupimwa katika damu nzima. Na kama hali inaruhusu, apimwe katika maabara ileile kila mara, maana mitambo hutofautiana.

Kutetemeka kwa mikono msikunyamazie. Huenda ni ishara kwamba kiwango kilikuwa juu kwa muda, na zipo njia za kukipunguza bila kumwacha wazi, kwa mfano kuitegemea zaidi mikofenoleti au kuongeza everolimasi, dawa nyingine ya kutuliza kinga, baada ya majuma ya mwanzo. Uamuzi huo ni wa daktari wake. Akijipunguzia mwenyewe dozi ya jioni, atakuwa amefungua dirisha la saa 24 bila kinga ya kutosha, na hakuna atakayeweza kusoma majibu yake yanayofuata.

Mfamasia wa Likoni amejibu:

Daktari amemaliza upande wa hospitali. Mimi nitashika upande wa duka la dawa, kwa kuwa naona kiwango kikiyumbishwa mara nyingi na vitu vinavyonunuliwa bila cheti.

Takrolimasi huvunjwavunjwa na kimeng'enya kilichopo katika utumbo na ini, na dawa nyingine nyingi hukizuia au hukichochea kimeng'enya hichohicho. Flukonazoli ya fangasi, klarithromaisini na erithromaisini za kifua, na diltiazemu ya shinikizo la damu hukizuia, kwa hiyo kiwango cha takrolimasi hupaa. Rifampisini ya kifua kikuu, fenitoini na kabamazepini za kifafa, na efavirenzi ya VVU hukichochea, na kiwango huporomoka. Rifampisini ndiyo inayonitisha zaidi katika nchi zetu, kwa sababu kifua kikuu ni ugonjwa wa kawaida kwetu, na mgonjwa anayeanzishiwa dozi kwenye zahanati bila kutaja kwamba amepandikizwa ini anaweza kupoteza kinga yote ya dawa yake ndani ya siku chache. Akihitaji tiba ya kifua kikuu, madaktari wanaweza kutumia rifabutini badala yake, au kuongeza takrolimasi sana huku wakipima damu mara kwa mara. Malaria nayo itibiwe bila kuchelewa, ila daktari wake ajulishwe siku hiyohiyo.

Ibuprofeni na diklofenaki zisiingie nyumbani mwenu kwa ajili yake. Haziletei ini kukataliwa, lakini zikiungana na takrolimasi huumiza figo, na figo zikiumia daktari hulazimika kupunguza takrolimasi, na hapo tunarudi kulekule. Kwa maumivu au homa ni parasetamoli, kwa kiasi alichoelekezwa na daktari. Homa yenyewe isitulizwe tu nyumbani, aende akapimwe.

Balungi aache kabisa, liwe tunda au juisi, pamoja na danzi tunalotumia pwani kwenye achari na mchuzi, kwani matunda hayo yanazuia kimeng'enya kile nilichokitaja. Chungwa tamu la kawaida halina tatizo hilo. Kuhusu unga wa shemeji, sijui ndani yake mna nini, na yeye pia huenda hajui. Ini la mpokeaji ndilo litakalouchuja, na vimeng'enya vikipanda daktari hatajua amshuku nani. Mrudishieni kwa heshima.

Kuna mambo mawili ambayo watu husahau. La kwanza ni kuharisha. Mtu angedhani dawa itapotea, lakini kwa takrolimasi mara nyingi huwa kinyume: utumbo uliochubuka hushindwa kuivunja, ikaingia nyingi kwenye damu. Akiharisha zaidi ya siku moja apimwe. La pili ni mtengenezaji. Takrolimasi zipo za makampuni mbalimbali, tena zipo za kumeza mara mbili kwa siku na za kumeza mara moja, na hizo aina mbili si za kubadilishana kwenye kaunta kwa kuwa miligramu zinalingana. Dada, hebu tazama maboksi aliyotumia tangu mrudi. Kama rangi au jina limebadilika, mwandikie daktari tarehe ya mabadiliko hayo. Tena msingoje kidonge cha mwisho. Huku kwetu dawa hii haipo kila duka, kwa hiyo mwe na akiba ya wiki kadhaa mkononi.

Mwenye Ini la Pili, Maskati, amejibu:

Bibie, mimi ni mtu wa Unguja ninayeishi Oman, na mtoaji wangu alikuwa mwanangu. Nimesoma habari za mdogo wako nikajiona mwenyewe.

Mitetemo ilinisumbua mpaka nikaona haya kunywa kahawa mbele za watu. Nilimweleza daktari, akanihamishia kwenye takrolimasi ya mara moja kwa siku, akanipima damu baada ya hapo, na mikono ikatulia kwa kiasi kikubwa. Sisemi kila mtu itamfaa, lakini nataka ajue kwamba kusema kuna faida. Wagonjwa wengi wa kiume hunyamaza, wakanyofoa dozi kimyakimya, kisha wakamwambia daktari wanameza zote.

Kuhusu kumeza kwa wakati, saa yangu ya simu hulia hata nikiwa msikitini, na watu wameshazoea. Takrolimasi yangu naimeza tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kifungua kinywa, kila siku vivyo hivyo, kwa sababu chakula chenye mafuta mengi huipunguza isifyonzwe vizuri. Nikisafiri, dawa zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe haziendi na mizigo.

Ramadhani ya kwanza baada ya upasuaji daktari wangu alinikataza kufunga, nami nilitoa fidia. Miaka iliyofuata aliniruhusu baada ya kutazama figo na viwango. Kwenu Tanga, karibu na ikweta, kutoka daku hadi futari ni saa 13 na ushei mwaka wowote, kwa hiyo dozi mbili zinaweza kukaa karibu na saa 12 kwa saa 12. Tatizo kubwa zaidi ni ukavu wa mwili kwa figo zinazobeba takrolimasi. Kwa mtu ambaye vimeng'enya vyake vimepanda sasa hivi, sidhani kama kuna daktari atakayemruhusu. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Mkalishe na mtu anayemheshimu amweleze.

Kijana wa Ujiji amejibu:

Kwa heshima zenu wote, mbona nimesoma kwamba wapo watu waliopandikizwa ini wakaacha dawa kabisa na wakaishi salama? Kama ini linavumiliwa kuliko viungo vingine, kwa nini mtu afungwe na vidonge maisha yake yote?

Daktari wa Ini, Nairobi, amejibu:

Ulichosoma ni kweli, na ni vizuri umeuliza hadharani, kwa sababu wagonjwa wengi huuliza jambo hilo mioyoni mwao. Katika utafiti mmoja wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2013, wapokeaji 98 waliochaguliwa kwa uangalifu, wote wakiwa wamepita angalau miaka 3 tangu upasuaji, walipunguziwa dawa taratibu hadi kuacha. Watu 41 walifaulu, na 57 ini lilianza kukataliwa, wakarudishiwa dawa. Waliofaulu zaidi ni wale waliokuwa wamekaa na ini jipya miaka mingi, hasa zaidi ya 10. Huko Sapporo, Japani, wapokeaji 10 waliopewa ini na ndugu walio hai waliwekewa seli za kinga zilizofundishwa maabara kutuliza mashambulizi, na 7 kati yao wakaweza kuacha dawa. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2016.

Tazama masharti yake: vimeng'enya vilivyotulia kwa miaka, wasiwe na ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe, vinyama vya ini vikichukuliwa na kusomwa, na damu ikipimwa kila baada ya wiki chache huku dozi ikishuka ngazi kwa ngazi. Mdogo wake huyu dada yuko katika miezi ya mwanzo na ALT inapanda. Kwake yeye habari hiyo ni ya kuiweka akiba mpaka miaka ipite.

Binti wa Pangani amejibu:

Nawashukuru sana. Nimefuatilia kama mlivyoelekeza. Maboksi yanaonyesha kwamba takrolimasi ya mwezi uliopita ilitoka kwa mtengenezaji mwingine, na daftari lake linaonyesha kwamba mara mbili alitolewa damu baada ya kumeza, baada ya kuambiwa kwenye foleni kwamba haina neno. Vyote viwili nimempelekea daktari wake. Kinyama kimechukuliwa, mama alikaa naye wodini, na jibu ni kwamba mwili ulikuwa umeanza kulikataa ini kwa kiwango cha wastani. Njia za nyongo na mishipa ni salama na kirusi cha B hakionekani. Amepewa methiliprednisoloni kwa siku 3, na ALT imeanza kushuka. Unga tumeurudisha, na kufunga amekubali kuahirisha. Je, katika wiki hizi zinazofuata tuangalie nini zaidi?

Daktari wa Ini, Nairobi, amejibu:

Sukari, kwanza kabisa. Steroidi za wingi huo pamoja na takrolimasi huweza kuipandisha ghafla, kwa hiyo apimwe kwa kidole kila siku mpaka daktari aseme basi; kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara viripotiwe siku hiyohiyo. Pili ni maambukizi. Muulizeni daktari kama anataka kumrudishia kotrimoksazoli, ambayo ni antibiotiki ya kuzuia maambukizi, na dawa ya kuzuia kirusi cha sitomegalo, kwa sababu kinga yake imeshushwa tena kama ilivyokuwa mara tu baada ya upasuaji, na asipewe chanjo yoyote ya virusi hai, ikiwemo ya homa ya manjano. Entekaviri isikosekane hata siku moja. Vimeng'enya na kiwango cha takrolimasi vipimwe kama mara mbili kwa wiki mwanzoni, damu ikitolewa kabla ya kumeza, na mwambieni mtu wa maabara saa aliyomeza dozi ya usiku aiandike kwenye fomu. ALT isiposhuka vya kutosha ndani ya wiki moja hivi, au ikishuka kisha ikapanda, arudi bila kungoja tarehe ya kliniki.